Nimeitwa intavyu Gigiri kama mume wa mwenye hifadhi Marekani, ni kweli wanafungua upya kesi ya mke?

#1 Mtoto_wa_Buyenzi
Wakuu habari zenu. Naomba wenye uzoefu wanisaidie maana kichwa kimejaa. Mke wangu yuko Portland, Maine. Alipewa hifadhi na jaji 2023 na mwaka huohuo akanijazia ile fomu I-730 ya kumvuta mwenzi. Mimi ni Mrundi, niko Nairobi, nilitoka Bujumbura 2015 kwenye yale mambo ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Sasa nimepata barua ya kwenda intavyu ubalozini Gigiri.

Tatizo ni hili. Jirani yangu hapa Kayole ananiambia wakikuita pale wanafungua upya kesi ya mkeo, wanakuuliza kisa chake mwanzo mwisho, na ukitofautiana naye hata kidogo hifadhi yake inafutwa. Mke wangu alikuwa kwenye redio binafsi, moja ya zile zilizovamiwa Mei 2015 baada ya jaribio la mapinduzi. Alishikwa akakaa ndani. Kuna mambo yalimpata huko hakuwahi kunisimulia na mimi sikumchimba. Sasa nimweke kwenye simu anieleze yote nikariri?

La pili, nikah yetu ilifungwa msikitini Buyenzi 2010, komini, ile ofisi ya serikali ya mtaani, tukaenda kuandikisha 2012. Yeye kwenye fomu yake ya kuomba hifadhi aliandika 2010, cheti nilichonacho kinasema 2012. Niseme ipi?

#2 Pwani_Kabisa
Siti ya mbele kabisa, nimekuja na kahawa na kaimati. Mwanamume kumfuata mke ulaya, wazee wa kwetu wangesema umeolewa wewe 😂 Natania bwana, Mungu akufanyie wepesi. Wajuzi waje.

#3 Msukuma_wa_Minnesota
@Pwani_Kabisa hata mimi nilivutwa na mke na leo nakula ugali Minneapolis, cheka tu.

Mkuu mtoa mada, jirani yako anakutisha. Mimi nilihojiwa Dar, kesi ya mke wangu hawakuigusa kabisa. Walitaka kujua kama mimi ni mimi na kama ndoa ni ndoa. Mlikutana wapi, nani alikuwa shahidi, mahari ilikuwa nini, mke anakaa mtaa gani sasa, anafanya kazi gani, mara ya mwisho kuonana ni lini, uliwahi kuoa kabla. Nikataja ng'ombe wa mahari yule mkalimani akacheka, ofisa hakucheka. Nikaambiwa nisubiri.

#4 Shangazi_Ohio
Si kweli kwamba hawaigusi. Mimi nilihojiwa hukohuko Nairobi nikaulizwa, unajua mume wako aliomba hifadhi kwa sababu gani? Nikajibu kwa kifupi. Akauliza tena, ilikuwa mwaka gani, wewe ulikuwa wapi siku hiyo? Kwa hiyo asije akaenda pale kama anakwenda kupiga picha ya pasipoti. Ajiandae.

#5 Kiparamoto
Nakubaliana na shangazi. Wamarekani wanalinganisha. Faili la mke lipo mezani, na lako lipo mezani. Ukisema alishikwa Juni na yeye alisema Mei, hapo ndipo wanaingilia. Kariri mkuu, kariri kama unaenda kufanya mtihani wa taifa.

#6 Karani_Mstaafu
Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi ya msaada wa kisheria kwa wakimbizi, siyo wakili lakini haya makaratasi nimeyajaza sana, ngoja niweke mambo mahali pake.

Wewe hauombi hifadhi. Hauhitaji kuthibitisha kwamba uliteswa wala unaogopa kurudi. Unapata hifadhi kwa kuwa mume wa mtu aliyepewa. Kwa hiyo ofisa anatafuta mambo machache: utambulisho wako, kwamba ndoa ilikuwepo SIKU mke alipopewa hifadhi na bado ipo, kwamba I-730 iliwasilishwa ndani ya miaka 2 tangu apewe, na kwamba wewe mwenyewe huna doa linalokuzuia, yaani uhalifu, usalama, au kuwatesa wengine. Habari za kwenye maombi ya hifadhi zinalindwa kisheria kwa usiri, ofisa hapaswi kukusomea faili la mkeo.

Sasa mbona @Shangazi_Ohio aliulizwa? Kwa sababu swali kama hilo linapima kama mnafahamiana. Pia ofisa akiona maelezo yako yanaonyesha ndoa haikuwepo, au mke alisema uongo mkubwa, anaweza kuandika na jambo likafika mbali. Kwa hiyo wote wawili mna kipande cha ukweli. Ila kukariri kisa cha mtu ni hatari kuliko kutokijua. Kisa cha kukariri kinasikika.

Tarehe nitairudia, kuna jambo la sheria ya Burundi pale.

#7 Bukavu_Kadutu
Bandugu jambo. Miye bibi yangu iko Kentucky, nilipita palepale Nairobi. Ile mambo ya bibi banauliza kidogo tu. Kenye kilinichokesha ni ingine kabisa. Baliniuliza: umeshawahi kulipa feza ao kupana chakula kwa kundi ya bunduki? Sasa sisi batu ya Kivu, nani hajalipa barrière? Unatoka Bukavu unaenda Uvira unakuta kamba barabarani, kijana na kalash, unatoa feza unapita. Nilisema ndiyo nililipa. Uso ya ofisa ikabadilika, akaandika sana. Nilikaa kungoja mingi sana kuliko benzangu.

#8 Karani_Mstaafu
@Bukavu_Kadutu hapo umegusa kitu watu wengi hawakijui. Kwa sheria yao kulipa kundi lenye silaha, hata kidogo, hata ukiwa umeelekezewa mtutu, kunahesabika ni kulisaidia kundi hilo. Msamaha wa aliyelazimishwa upo, lakini lazima faili lipite hatua nyingine na ndiyo maana ulikaa. Ulifanya vizuri kusema kweli, wewe ulieleza kwamba ulilazimishwa?

#9 Bukavu_Kadutu
Nilieleza. Nilimuambia, Chef, pale ukikatala banakupiga masasi. Mkalimani alikuwa Mkenya, hakusikia "masasi", nikaonyesha na kidole. Nikamuambia ni risasi ile.

#10 Gikomba_Finest
😂😂 Bukavu umeniua. Lakini mtoa mada, wewe ni Mrundi, jua watakuuliza Imbonerakure, wale vijana wa chama tawala. Jamaa yangu wa Ngozi aliulizwa hiyo kitu mara kibao kwa njia tofauti. Uliwahi kuwa member? Ndugu yako? Ulihudhuria mkutano? Ulivaa tishati ya chama? Hao wasee hawataki surprise.

#11 Mtoto_wa_Buyenzi
Asanteni sana wote. Imbonerakure sina habari nao zaidi ya kuwakimbia. Kinachonisumbua bado ni hili la mke. Jana nilimuuliza kidogo tu, yale ya ndani yalikuwaje, akanyamaza kisha akasema anaamka mapema kazini. Sasa sijui kama nimpigie tena.

#12 Mama_Salma
Kaka yangu usimpigie kwa hilo. Mimi ndiye niliyepewa hifadhi, mume wangu ndiye aliyefuata, kwa hiyo nakuandikia kutoka upande wa mkeo. Usiku wa kuamkia intavyu yake alinipigia kama wewe, nimwambie yote. Sikumwambia. Kwa jaji nilisimulia kwa sababu ilibidi, na jaji nilijua sitalala naye chumba kimoja. Mume ni mtu mwingine. Nilimwambia nenda ukaseme unachokijua, usichokijua sema hujui na sababu ya kutokujua. Alienda akasema mke wangu alifungwa, alitoka amekonda, mengine hajaniambia na sijamlazimisha. Alipita.

Mke akitaka kukueleza atakueleza siku yake, pengine mkiwa mmezeeka. Usimtoe kwenye usingizi wake kwa ajili ya ofisa.

#13 Kiparamoto
@Mama_Salma kwa heshima yote dada, lakini mume asiyejua mke wake alipitia nini ofisa si ataona ndoa ni ya makaratasi?

#14 Mama_Salma
@Kiparamoto mke wako anajua yote uliyoyafanya? Nitumie namba yake nimuulize.

#15 Pwani_Kabisa
Kiparamoto kazi unayo leo 😂😂😂 toa namba babaake.

#16 Kiparamoto
Tusifike huko jamani.

#17 Karani_Mstaafu
Nasimama na Mama Salma. Nyongeza kwa mtoa mada: andaa unayoyajua kwa macho yako. Alitoka nyumbani saa ngapi siku aliyoshikwa, nani alikuletea habari, ulimtafuta wapi, alipotoka mlikutana wapi. Hayo ni ya kwako, hayahitaji kukaririwa.

Sasa tarehe. Kwa sheria ya Burundi ndoa inayotambuliwa ni ya komini mbele ya ofisa wa serikali. Nikah peke yake kisheria haihesabiki. Marekani wanafuata kama ndoa ni halali mahali ilipofungwa. Kwa hiyo ndoa yako kisheria ni ya 2012. Mke aliandika 2010 kwa sababu kwa Muislamu yeyote siku ya ndoa ni siku ya nikah, wala siyo uongo. Zote mbili ni kabla ya 2023 kwa hiyo sharti limetimia vyovyote. Sema zote mbili na ueleze tofauti. Watu wengi wa Buyenzi wako hivyo.

#18 Shangazi_Ohio
Hapo nakupinga karani. Mke aliandika 2010 kwenye I-589, ile fomu ya kuomba hifadhi, na kwa kiapo. Mume akisema 2012 wanaona tofauti. Mimi ningemwambia ashike 2010, hiyo ya komini aiite ni kuandikisha tu. Ofisa hana muda wa darasa la fikihi.

#19 Karani_Mstaafu
Lakini shangazi cheti kinasema 2012, na cheti ndicho kilichoambatanishwa kwenye I-730. Akiikana tarehe ya cheti chake mwenyewe ndiyo inakuwa shida.

#20 Nyota_ya_Tanganyika
Mimi ni wa Kigoma lakini nimeishi Bujumbura sana. Kuna kitu hamjakigusa. 2012 Buyenzi ilikuwa komini yake yenyewe. Baadaye komini 13 za jiji zikaunganishwa zikabaki 3, Buyenzi ikawa zone ndani ya komini Mukaza. Kwa hiyo cheti chako cha ndoa kinasema Commune Buyenzi, lakini ukiwa na karatasi yoyote uliyotoa miaka ya karibuni itasema Mukaza. Na 2025 wamepanga upya nchi nzima, mikoa 18 imekuwa 5, komini 119 zimekuwa 42. Ofisa akilinganisha ramani na makaratasi yako atadhani umefungia ndoa mwezini. Andaa maelezo.

Na nyote mnaotoa tafsiri, kila karatasi ya Kifaransa au Kirundi iwe na tafsiri ya Kiingereza yenye maandishi ya mtafsiri kwamba ametafsiri yote na anazimudu lugha zote mbili. Wengi wanarudishwa hapo tu.

#21 Gikomba_Finest
Kumbuka pia 2017 Nkurunziza alisema wote wanaoishi bila ndoa waende kuoana kufikia mwisho wa mwaka. Jamaa wengi vyeti vyao ni vya 2017 na watoto wana miaka 10 😂 hao wanaelezaje huko Gigiri?

#22 Nyota_ya_Tanganyika
Wanaeleza hivyohivyo, rais aliagiza. Ni kweli na kila mtu anajua.

#23 Dalali_wa_Uhakika
Kaka nina mtu ndani kabisa anaweza kupitisha faili lako wiki 2 tu kwa bei ya kuelewana. Njoo pm.

#24 Msukuma_wa_Minnesota
@Dalali_wa_Uhakika I-730 yenyewe haina hata ada ya serikali, wewe unauza nini? Mods fagieni huyu.

#25 Mke_wa_Leicester
Hodi jamani. Mume wangu ana hifadhi Uingereza, sisi fomu ni nyingine ile ya kuunganisha familia, ila toka tarehe 4 Septemba 2025 wamefunga maombi mapya. Sasa naulizia, naweza kutumia hii I-730?

#26 Karani_Mstaafu
Hapana dada, I-730 ni ya Marekani tu, mume awe na hifadhi ya Marekani. Pole sana kwa hilo la Uingereza. Fungua uzi wako, kuna watu hapa wa Birmingham wanafuatilia.

#27 Penzi_la_Mtandaoni
Na mimi swali. Jamaa yangu alipata hifadhi 2022, tukafunga ndoa 2024 Mombasa kwa kadhi. Anasema ananijazia I-730. Itachukua muda gani?

#28 Karani_Mstaafu
Haitachukua muda maana haitapita. Ndoa lazima iwe ilikuwepo siku alipopewa hifadhi. Wewe njia yako ni nyingine, yeye akishakuwa na grinikadi akujazie I-130, fomu ya kumwombea mwenzi, au akiwa raia. Akishatimiza mwaka 1 na hifadhi anaweza kuomba grinikadi.

#29 Penzi_la_Mtandaoni
Yeye anasema wakili wake amesema inawezekana.

#30 Pwani_Kabisa
Dada muulize jina la huyo wakili na la mke wake wa kwanza 🙈

#31 Gikomba_Finest
Pwani umeanza. Lakini kuna ukweli. Wale wa wake wawili, wa pili hapiti. Marekani wanatambua mke mmoja tu, na ukiwa uliwahi kuoa nenda na karatasi ya talaka. Sio kusema tuliachana mbele ya wazee.

#32 Msukuma_wa_Minnesota
Tukumbushane gharama pia. Wengi wanadhani IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, inalipa tiketi. Hapana. Ile ni Viza 93, ya familia za wakimbizi walioletwa na mpango wa makazi. Mwenzi wa aliyepewa hifadhi akiwa Marekani ni Viza 92, unalipa kipimo cha daktari mwenyewe na tiketi mwenyewe. Na ndiyo maana Januari 2025 Trump aliposimamisha mpango wa wakimbizi watu wa 93 walikwama mara moja, sisi wa 92 tukaendelea, kwa wakati ule.

#33 Bukavu_Kadutu
Na kipimo kina muda, kikiisha unarudia na unalipa tena. Miye nilirudia. Balinitoa damu mpaka nikauliza kama banaikopesha.

#34 Gikomba_Finest
Na ukiwa na alien card ya mkimbizi hapa Kenya usingoje mpaka siku ya flight ndio ukumbuke ruhusa ya kutoka. Pitia DRS, idara ya serikali ya wakimbizi, mapema. Nimeona familia imekaa JKIA na mabegi yamefungwa plastiki, ndege imeondoka.

#35 Mtoto_wa_Buyenzi
Wakuu nimerudi. Nimeshatoka Gigiri. Poleni kwa kuchelewa, nilikuwa nimechoka hata simu sikushika.

Nilihojiwa na mama mmoja mtulivu sana, mkalimani alikuwa wa Kirundi lakini mimi nikaomba Kiswahili, wakaniletea mwingine. Nilikula kiapo. Akaanza na majina, tarehe za kuzaliwa, wazazi wa mke, tulikutana wapi. Nikamwambia harusini kwa binamu yake, nilikuwa napiga ngoma. Akauliza ngoma gani. Nikamweleza kwa kirefu labda kuliko alivyotaka.

Ndoa: nilifuata ushauri wa karani, nikasema nikah 2010, komini 2012. Akauliza kwa nini miaka imepita katikati. Nikasema kwetu ukishafunga nikah umeoa, komini ni mambo ya serikali tukaenda tulipotaka kumuandikisha mtoto. Aliandika. Kisha akaniuliza hii Mukaza ni wapi na hii Buyenzi ni wapi. @Nyota_ya_Tanganyika Mungu akubariki, nilikuwa na jibu. Imbonerakure aliuliza, jeshi aliuliza, kulipa makundi aliuliza. Picha tulizopiga Kigali kabla mke hajaondoka aliziangalia moja moja, risiti za kutumiana pesa kwa M-Pesa na Sendwave hakuzitazama sana.

Kuhusu mke alisema, unajua kwa nini mkeo aliondoka Burundi? Nikasema alikuwa redio, alishikwa 2015, nilimtafuta vituo vya polisi na kwa kaka yake, alipotoka hakuwa yule niliyemjua, mengine hajaniambia. Akanyamaza. Akaandika. Akaendelea na swali la anuani.

Mwisho akanipa karatasi, akanirudishia pasipoti, akasema watanijulisha. Hakusema ndiyo wala hapana. Sasa hii karatasi ina maana gani?

#36 Shangazi_Ohio
Pasipoti amekurudishia? Hiyo si nzuri mdogo wangu. Wanaopita wanaachwa nayo pale ibandikwe viza.

#37 Msukuma_wa_Minnesota
Si lazima shangazi. Mimi pia nilirudishiwa nikaitwa baadaye. Wanafanya ukaguzi wa majina kwanza. Jina kama la kwake la Kiislamu lazima lizunguke kwenye kompyuta zao.

#38 Nyota_ya_Tanganyika
Mimi naona ni Burundi. Tangazo la Trump la Juni 2025 liliweka Somalia kwenye zuio kamili la kuingia Marekani na Burundi kwenye zuio la nusu, na viza za uhamiaji ziko ndani. Desemba 2025 wakaongeza nchi nyingine, hata sisi Tanzania tukaingia kwenye nusu kuanzia Januari 2026. Mkalaumu komini wakati shida ni pasipoti.

#39 Karani_Mstaafu
Ila hapo pana ubishi. Viza 92 siyo viza ya uhamiaji kwa maana ile, ni kibali cha kupanda ndege kwa mtu anayekwenda kupokewa kama mwenye hifadhi. Na lile tangazo limewaacha nje waliokwishapewa hifadhi.

#40 Nyota_ya_Tanganyika
Waliokwishapewa ni mke wake. Yeye hajapewa, anakwenda kupewa akifika.

#41 Karani_Mstaafu
Ndiyo ubishi wenyewe huo. Mawakili nao wanavutana.

#42 Kiparamoto
Mimi bado nasema ni lile jibu la "mengine hajaniambia".

#43 Mama_Salma
Kiparamoto bado sijapata namba.

#44 Gikomba_Finest
Kuna nyingine. Mwanzo wa Desemba 2025 USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, walisimamisha maombi ya watu wa zile nchi 19 za Juni, Burundi ikiwemo. Na Nairobi wanaohoji I-730 ni USCIS wenyewe, wana ofisi yao pale, sio kama Dar ambapo ni ofisa wa konseli, yaani wa ubalozi. Kwa hiyo faili linaweza kuwa limekaa tu kwenye droo, huyo mama hana la kufanya.

#45 Shangazi_Ohio
Au wanairudisha kwa mke. Wakiwa na shaka wanamtumia mke barua ya kusudio la kukataa, siyo wewe, kwa sababu yeye ndiye mwombaji. Mwambie aangalie sanduku la barua, na kama amehama aandike anuani mpya. Hiyo barua ina siku za kujibu, zikipita basi. Na wakikataa I-730 hakuna rufaa, kuna kuomba waitazame upya tu.

#46 Mtoto_wa_Buyenzi
Amehama kweli, Machi, kutoka Portland akaenda Lewiston kodi ilikuwa juu. Anasema alibadilisha anuani kwenye simu. Namuuliza kama kwenye faili la I-730 pia alibadilisha, anasema anadhani ni moja.

#47 Karani_Mstaafu
Ahakikishe namba ya risiti ya I-730 imo kwenye mabadiliko hayo. Leo siyo kesho.

Na jambo jingine, mwambie asikimbilie kuapa uraia kabla wewe hujafika na kupata grinikadi yako bila kuongea na wakili. Hifadhi yako inaning'inia kwake. Yeye akiwa raia, mwenzi aliyeingia kwa mgongo wa hifadhi yake anaweza kukwama kwenye kuomba grinikadi, akalazimika kuanza njia nyingine. Na mkiachana kabla, vilevile.

#48 Pwani_Kabisa
Yaani hata ugomvi wa ndani mnausubirisha mpaka grinikadi itoke.

#49 Msukuma_wa_Minnesota
Lewiston nimefika, Wasomali na Wakongo wamejaa, msikiti upo, mbuzi anapatikana. Shida ni theluji. Mtoto wa Buyenzi, ile mitumba ya makoti mazito hapo Gikomba nunua hukohuko, huku bei si ya kuongea.

#50 Gikomba_Finest
Aje kwangu nimpe bei ya ndugu. Niko na ya Canada, manyoya mpaka kwa shingo.

#51 Bukavu_Kadutu
Asinunue kwanza. Miye nilinunua koti mbele ya jibu, ikakaa kwa ukuta mpaka panya ikazalia ndani.

#52 Mtoto_wa_Buyenzi
😂 Nimesikia wote. Anuani mke ameshaingia kurekebisha, anasema namba ya risiti ya I-730 kweli haikuwemo. Nani anajua ikirekebishwa leo wao wanaiona baada ya muda gani, na kama barua ilishatumwa kwenye nyumba ya zamani posta wanaipeleka au inarudi?

#53 Shangazi_Ohio
Barua zao nyingi posta haipeleki mbele, inarudi kwao. Amuombe aliyehamia pale afungue macho.

#54 Kiparamoto
Hapana, aliyelipia huduma ya kuhamisha barua zinamfuata zote, mimi zilinifuata.

#55 Shangazi_Ohio
Za benki zilikufuata, za uhamiaji je?